Mdomo Ukishasema Umepokea

Nyie vijana mnaokaa chini ya miavuli ya rangi pale barabarani, simu mmezipanga mezani kama vitumbua, mimi nawapita kila asubuhi nikienda kununua samaki. Mnaniamkia vizuri, sina ugomvi na nyie. Lakini jana nimemsikia mmoja wenu, jina namhifadhia, anamwambia bibi wa watu, "Bibi, meseji imeshaenda, sogea wenzio wahudumiwe." Bibi alitaka kwanza ampigie mwanawe asikie kama imefika. Kijana hana muda. Nilitaka nimshike sikio pale pale, nikajizuia, maana mtu mzima akifoka barabarani huonekana yeye ndiye aliyekosa malezi. Nimerudi nyumbani na hasira zangu, nimekaa, na haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Mnaniita Mama Tatu, na wengi wenu hamjui kwamba kabla yenu wakala wa hela za simu hapa Miteja alikuwa mmoja tu, na ndiye mimi. Kazi hiyo nimeifanya mpaka macho yalipokataa kusoma tarakimu ndogo. Kibanda changu kilikuwa cha mabati, kimeegemea duka la Mzee Nassoro, na ndani mlikuwa na kiti, droo, feni isiyozunguka na mimi. Mwavuli sikupewa.

Niwaambie jambo ambalo wakubwa zangu wa kazi sikuwahi kuwaambia. Mimi mpaka leo sijui hela inapita wapi. Nimeitwa semina Lindi mjini, nimekula biskuti zao, bwana mmoja mwenye tai akatuchorea minara na mishale ubaoni, nikatikisa kichwa kama niliyeelewa. Sikuelewa kitu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mkulima wa ufuta, anamtumia binti yake aliyeolewa Milola. Kwenda Milola siku hizo ulikuwa unafika na vumbi mpaka kwenye kope. Nikabonyeza. Mama hajamaliza kufunga pindo la khanga, simu yake ikaita, binti anasema, "Mama, imefika." Yule mama akaniangalia mimi, akaiangalia barabara, kushoto, kulia.

"Imepita wapi?" akauliza.

Nikamwambia imepita hewani. Akatazama juu, na mimi nikatazama juu. Wanawake wawili wazima tumesimama nje ya kibanda tunatazama mbingu, na mwili ukanisisimka. Nawaapia, miaka yote ile, kila nilipobonyeza kutuma, mwili ulinisisimka kidogo. Nyie mnabonyeza huku mnatafuna ubuyu.

Watu walikuwa na njia zao za kuizoea hela isiyoshikika. Kulikuwa na Bi Fatu, mwenye mikorosho yake huko juu. Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia kwenye simu yake anakuja na kiti chake mwenyewe, anakaa, ananiambia, "Nitolee yote." Namtolea. Anaipakata ile hela, anaipapasa, anainusa, anafumba macho, kisha ananirudishia. "Haya, irudishe ilikokuwa." Mara ya kwanza nilidhani anatania. Nikamwambia, Bi Fatu, kuitoa unakatwa, utakuja kuila yote kwa makato. Akaniangalia kwa huruma. "Mama Tatu, mwanao akiwa bweni, ukienda kumwona si unalipa nauli?" Nikaihesabu, nikairudisha kwenye simu. Kila msimu alikuja kuiona hela yake, akalipa nauli, akaenda zake.

Na kulikuwa na mzee mmoja wa bili ya maji. Ofisi ya maji ilipoacha kupokea hela mkononi, ikawa lazima ulipe kwa simu na ile namba ya malipo ndefu kama treni. Basi anakuja kwangu analipa, anasubiri ujumbe, anaushukuru, kisha anapanda baiskeli yake mpaka ofisini kuwauliza kama wameiona. Wanamwambia wameiona. Anarudi amechoka, ananipa taarifa: "Wameiona." Nikamuuliza, sasa babu, faida ya simu hiyo ni nini? Akasema, "Faida ni kwamba mimi nafika nyuma na hela imefika mbele. Hilo sijachoka kulishuhudia." Nilicheka mpaka machozi, lakini usiku nikawaza kwamba yeye na mimi ugonjwa wetu ni mmoja.

Namba za siri ndiyo usiseme. Mtu anasimama kwenye foleni, anapaza sauti, "Namba yangu ya siri ni mwaka aliozaliwa Juma!" Na foleni nzima inamjua Juma, wamekula pilau ya harusi yake. Nilijifunza kugeuka. Mteja akishika simu aandike namba yake, mimi naipa mgongo meza, naangalia barabara, nahesabu mbuzi. Anayeniletea simu nimwandikie nilikuwa namrudishia hata kama vidole vinamtetemeka, namwambia andika mwenyewe, mimi nasubiri. Shikeni hilo. Wakala mzuri ana shingo inayogeuka. Na shikeni na hili la pili, kwamba simu ikishiba, droo ina njaa, na droo ikishiba, simu ina njaa. Ukikuta siku moja vyote viwili vimeshiba, angalia vizuri, huenda umelala unaota.

Lakini kazi yenyewe hasa, ile ya kushika mali ya mtu, sikuipata semina. Nilifundishwa na Mzee Nassoro, ambaye simu hakuwa nayo na hakuitaka. Aliuza chumvi, betri na petroli ya madumu, na kabla simu hazijafika, yeye ndiye aliyekuwa anawekewa amana na watu wa hapa. Mtu anasafiri, anamwachia hela ya mkewe. Mwingine ameuza mbuzi, anaogopa kukaa na hela nyumbani, anamwachia. Hakuwa na mlango wa chuma. Alikuwa na kopo la maziwa na jina lake.

Na alikuwa na sharti moja. Unapokuja kuchukua amana yako, unakaa kwenye benchi lake, unaikagua mpaka uridhike, huharakishwi. Ukimaliza anakuuliza mbele ya yeyote aliyepo, "Umepokea?" Unasema, "Nimepokea." Basi. Neno hilo likishatoka, jambo limekwisha duniani na akhera. Ukifika nyumbani ukakuta pungufu, hurudi. Ukikumbuka kitu ulichosahau, hurudi. Mdomo umeshasema umepokea, umepokea. Kwa hiyo watu walilichelewesha neno lile, walilitafuna kwanza kabla ya kulitoa, na sikuwahi kusikia mtu wa Miteja aliyelitoa halafu akalifuata nyuma.

Simu zilipokuja, mimi nilidhani mambo hayo yamekufa. Hayakufa, yalihamia kibandani kwangu. Mtu anatuma hela, ujumbe unakuja kwamba imekwenda, haondoki. Anampigia aliyemtumia. "Umepokea?" Na yule naye hajibu haraka, anatafuta miwani, anaita mtoto amsomee, anaangalia salio, ndipo anasema, "Nimepokea." Foleni inafika barabarani. Nilikasirika, sifichi. Nikabandika karatasi: MESEJI INATOSHA. Mzee Nassoro akatoka dukani, akaisoma polepole, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kupanda mlima, akaniuliza, "Huyu Meseji ni mtoto wa nani?" Akarudi ndani. Karatasi niliibandua mwenyewe.

Aliyenifundisha thamani ya jambo lile alikuwa kijana mmoja, Shomari, na alinifundisha kwa kuumia yeye. Shomari alikuwa mpulizaji wa mikorosho. Mnajua wenyewe, maua yakitoka yasipopuliziwa dawa ukungu unayala, na mwaka huo unavuna majani. Alikuwa na mashine yake ya kubeba mgongoni, ile ya petroli, na wenye mashamba walimkodi. Alikuwa mtu wa mjini kidogo, amekaa Dar, na habari za kupiga simu kuuliza umepokea aliziona ushamba. Siku moja ukamwingia ujumbe unaosema amepokea hela. Hajakaa sawa, mtu akampigia, "Kaka, samahani sana, nimekosea namba, hiyo ni ya mgonjwa, nirudishie." Shomari, moyo wake laini, akamrudishia. Kuja kuangalia salio, hakuna hela iliyoingia. Ujumbe ulikuwa umeandikwa na tapeli kwa mkono wake. Alichorudisha kilikuwa akiba yake mwenyewe, ya kununulia mashine ya pili.

Alikuja kibandani kwangu akakaa chini, mtu mzima, akanionyesha simu. Nikamwambia, mwanangu, ujumbe ni maneno, salio ndilo lenye ukweli, siku nyingine angalia salio kwanza. Akasema hakuna siku nyingine. Akaapa pale mbele yangu na mbele ya Mzee Nassoro kwamba yeye na hela ya mtu asiyemjua ndiyo basi, labda aone salio kwa macho yake mawili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo ukimlipa Shomari hata hela ya soda, anaangalia salio, anafunga simu, anaiwasha, anaangalia tena, ndipo anakuambia amepokea. Nilimtania nikachoka.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa kipindi cha kupulizia, maua yamefunguka, petroli imekuwa dhahabu. Kila mwenye mashine anaitaka. Madumu ya Mzee Nassoro yaliisha yote likabaki moja, na hilo lilikuwa la Shomari. Ameshalilipia, ameliacha pale kama amana, jioni angelipitia aingie shamba la watu waliokuwa wanamsubiri. Na mimi wiki hiyo droo yangu ilikuwa na njaa kabisa, kila mkulima ametoa hela kulipa vibarua. Simu imeshiba, mkononi sina hata ya chumvi.

Asubuhi jua limeanza kukaza, ikaingia Noah inatokea Kipatimu. Barabara ile ya milima ya Matumbi mnaijua. Jiwe lilikuwa limetoboa tangi. Dereva aliliziba na sabuni ya mche, sabuni ikakaa, lakini mafuta yameshamwagika njiani, na gari ikafa mbele ya duka la Mzee Nassoro. Dereva akashuka anaulizia petroli. Nikachungulia ndani. Kwenye godoro nyuma alilala msichana anaitwa Somoe, uzazi wa kwanza, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungulia kama desturi yetu. Mama yake amempakata kichwa. Nesi wa zahanati aliyekuja nao alikuwa amekaa miguuni kwake, na khanga alizokandamiza pale chini zilikuwa zimebadilika rangi.

Nikasema tusimamishe basi la abiria. Nesi akasema, "Mama, asinyanyuliwe. Akihamishwa tena namkosa." Nikasema bodaboda ikimbie Nangurukuru ilete petroli. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini ili mama mtu asisikie, "Huo muda hana. Nifikisheni Kivinje hospitali sasa hivi." Ndiyo hali yenyewe. Msichana na mtoto wake walikuwa wanahitaji lile dumu moja, na dumu lina mwenyewe.

Nikamgeukia Mzee Nassoro. Alikuwa ameshalitoa nje, amelisimamisha mbele ya benchi, mkono juu ya kifuniko. Lakini hafungui.

"Mzee, toa," nikamwambia. "Mtu anakufa."

"Mama Tatu, lingekuwa langu lingekuwa tumboni mwa gari zamani. Hili la mtu. Mpigie mwenyewe aseme."

Nilimchukia wakati ule, Mungu anisamehe. Halafu nikaona midomo yake inasoma dua, nikajua na yeye anaungua.

Mama wa Somoe akanipa namba ya mkwe wake, Hamisi, fundi seremala, alikuwa na kazi ya kuezeka huko Milola. Nikampigia. Nilimweleza kwa maneno machache, na yeye akasema, "Hela ninayo kwenye simu. Nipe namba ya mwenye mafuta, namtumia sasa hivi." Nikampa ya Shomari. Kisha mimi mwenyewe nikajaribu kumtumia Shomari kutoka kwenye simu yangu, iliyoshiba. Ikaniandikia huduma haipatikani, jaribu baadaye. Nikajaribu tena. Baadaye. Simu za kupiga zinaita, sauti zinasikika, lakini hela haitoki. Nimekaa na simu ile yenye mali za watu, na haiwezi kununua kikombe cha petroli. Miaka yote nimeistaajabia hela inayoruka, na siku hiyo imekaa kimya kama jiwe.

Nikampigia Shomari, namba inatumika. Nikampigia tena, inatumika. Nikajua anaongea na Hamisi. Nikamkumbuka Shomari na salio lake na kuwasha na kuzima, nikasema moyoni, tumekwisha. Mtu asiyemjua anampigia kutoka Milola, anamwambia nimekutumia hela, mke wangu anaumwa, toa mafuta. Hivyo hivyo ndivyo alivyoibiwa. Neno kwa neno.

Simu yangu ikaita, ni Shomari. Nikaiweka sauti ya nje, nikamsogezea Mzee Nassoro. Mzee akainama kwenye simu kama mtu anayechungulia kisima.

"Shomari, hapa kuna watu wa Kipatimu wanalitaka dumu lako. Mume wa mgonjwa anasema kakulipa. Umepokea?"

Upande wa pili nilisikia upepo wa shambani. Kisha Shomari akasema, "Nimepokea, Mzee. Toa."

"Umepokea?" Mzee akarudia, maana alikuwa anamjua.

"Nimepokea."

Kifuniko kilishafunguliwa kabla neno halijaisha. Dereva alikata chupa ya maji ikawa faneli, wakamimina, mikono inagongana, gari ikaondoka inapiga honi mpaka ikapotea. Mimi nikakaa kwenye benchi. Nikasema alhamdulillahi, mtandao umerudi. Nikajaribu tena kutuma. Baadaye. Nikajiambia labda laini ya Shomari ni ya kampuni nyingine, huko kwao imeruka. Hela ilirudi kutembea alasiri.

Jioni Hamisi alinipigia kutoka Kivinje. Somoe amepasuliwa, amepata mtoto wa kiume, wote wazima. Daktari alikuwa amewaambia wangechelewa kidogo tu wasingemkuta. Hamisi alikuwa anaongea huku analia, na kila akivuta pumzi anasema, "Mshukuru yule Shomari." Nikamshukuru Shomari siku iliyofuata. Akasema, "Mungu ndiye wa kushukuriwa," akakata njia.

Wiki zilizofuata niliona jambo sikulielewa. Shomari analima kibarua. Maua yako juu ya mikorosho, kila mpulizaji anakimbia shamba kwa shamba, na Shomari ana jembe. Wale waliomsubiri walimsubiri, wakachoka, wakamkodi mwingine, na hao wengine ndio wakapata msimu. Nilimuuliza, mashine vipi? Akasema, "Imepumzika, Mama Tatu. Hata wewe Ijumaa unafunga kibanda." Nilidhani imeharibika na anaona aibu. Alipata petroli baadaye sana, kwa hela ya jembe, maua mengi yameshageuka korosho au yameshaliwa.

Mtoto alipotoka arobaini, Hamisi akaja Miteja na mkewe na mtoto. Nilikuwa nampokelea mtu bili ya umeme. Alimsalimia Mzee Nassoro, akaja kibandani kwangu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kushukuru. Akainamia dirisha.

"Mama Tatu," akasema, "yule mtu alipokea nini?"

Nikamuuliza una maana gani. Akanieleza. Siku ile Kivinje alikwenda kutoa hela ya dawa akakuta salio kubwa kuliko alivyotarajia. Alijua zile za petroli zimeshakwenda, Shomari alishasema amepokea, kwa hiyo akadhani kaka yake kamchangia, akamwombea dua, akazitumia. Juzi amekutana na kaka yake, akamshukuru. Kaka akamwambia, mimi sikukutumia kitu, na hela yenyewe sikuwa nayo. Ndipo walipokaa wakaangalia, wakaona hela haikutoka kabisa siku ile. Ilibaki pale pale ilipokuwa.

Mteja wa umeme akaniuliza vipi mama, umemaliza? Nilikuwa nimesahau kama yupo. Mwili ulinisisimka kuanzia utosini, na safari hii haukuwa wa kidogo. Nilimwona Shomari na jembe lake, siku baada ya siku, anapita mbele ya kibanda changu, ananiamkia, anapita.

Akaitwa. Alikuja na matope miguuni. Mzee Nassoro amekaa kwenye benchi lake, Somoe amekaa pembeni na mtoto, na mimi nimetoka nje ya kibanda. Hamisi akatoa bahasha akampa kwa mikono miwili. Shomari hakunyoosha wake.

Nikashindwa kuvumilia. "Shomari, wewe uliyeapa hapa. Hukuona salio. Mtu hujawahi kumwona. Ulimwaminije?"

Akajikuna shingo. "Alinisalimia, Mama Tatu. Mkewe anakufa, na alinipigia akaniambia habari za asubuhi kaka, za nyumbani, hawajambo? Akasubiri nimjibu. Yule tapeli hakuwa na muda wa kuniuliza nyumbani."

"Sasa si ungesema bado haijaingia, lakini toa? Mzee angetoa."

"Ningesema bado, ungeanza wewe kuwapigia watu wa mtandao, yeye angeanza kutuma tena na tena, dereva angeuliza, mzee angeuliza. Nilitafuta neno fupi kuliko yote."

"Basi pokea sasa," Hamisi akasema. "Hii haki yako. Msimu wako umekufa kwa ajili yangu, nimeambiwa."

Shomari akatikisa kichwa. Akamwangalia Mzee Nassoro, na niliona anaogopa, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Kaka, mimi nilishasema nimepokea, na nilisema mbele ya Mzee. Nikipokea leo, siku ile nilimdanganya."

Hamisi akabaki na bahasha hewani. Sisi sote tukamgeukia Mzee Nassoro. Nilijua alivyo mkali wa neno lile. Nilikuwa nimeshamwona akimfukuza mtu benchini kwa kulichezea. Alimtazama mtoto mapajani kwa Somoe, ambaye alikuwa amelala, mdomo wazi, na kofia imemfunika jicho. Kisha akasema:

"Hamisi, rudisha hela mfukoni. Huyu hakudai kitu. Nenda kamnunulie mwanao nguo." Akasogea kwenye benchi, akafuta ubao kwa kiganja chake mwenyewe. "Shomari, kaa."

Shomari akakaa na matope yake. Somoe akaanza kulia bila sauti, na Hamisi akachuchumaa pale pale chini, bahasha magotini. Hakuna aliyeondoka.

Mimi nilirudi kibandani nikajaribu kumalizia bili ya yule mtu wa umeme. Tarakimu zilikuwa zinaogelea. Nikamwomba radhi, nikafunga dirisha, na foleni ikaanza kunung'unika kwa nje, wakauliza kama mtandao umekata. Nikawaambia mtandao upo, mimi ndiye siwezi.